Shimo la mpasua mbao

Siku ya pili asubuhi, baada ya kutembea kama saa nzima, watoto walikuwa wameshaanza kushangilia. Juu kijani, pembeni kijani, mashina marefu yamenyooka kama nguzo za umeme. Baba watoto alikuwa anapiga picha kila baada ya hatua tatu. Nami moyo ulikuwa umetulia, maana nilikuwa nimemwahidi mama kwamba kabla macho yake hayajafifia zaidi nitampeleka akauone tena msitu wa kwao. Ndipo mama akasimama, akaegemea mkongojo, akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huu siyo. Mmenileta wapi?"

Nilidhani amechoka, au kumbukumbu imemchanganya. Alikuwa na miaka 74. Aliondoka kijijini kwao, chini ya milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1971 alipoolewa Dar es Salaam, na tangu hapo safari zake za kurudi zilikuwa za misiba: unafika, mnazika, unapanda basi. Lakini kijana wa hifadhi aliyekuwa anatuongoza hakumpuuza. Alirudi nyuma mpaka pale alipo, akainama kidogo. "Bibi, umeona nini?"

Mama akanyoosha mkono kuelekea yale mashina ya kijivu. "Miti hii sisi hatukuwa nayo. Hapa palikuwa na giza."

"Bibi yuko sahihi," kijana akatuambia sisi wengine. "Hii ni misizi, miti ya kuletwa. Msitu wenyewe hatujaufikia."

Kama si mama, ningerudi Dar na picha mia mbili za misizi, nikiwaambia watu kazini kwamba nimeona msitu mkongwe. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya mzazi mwingine anayefikiria kuwapeleka wanawe Amani, tulikokwenda sisi, au misitu ya Magamba, au Udzungwa.

Safari yenyewe tuliianza kuipanga vibaya. Ilikuwa Desemba 2023, shule zimefungwa. Mwanangu mkubwa, wa kidato cha tatu, alitaka Saadani akaone simba wanaokaa karibu na bahari. Binti wa kati alitaka kuogelea Pangani. Mimi nikaongeza Lushoto, kwa sababu ya baridi yake na msitu wa Magamba. Sehemu tatu kwa siku nne. Mama alikaa kwenye mkeka anachambua mchele, akatusikiliza mpaka tukamaliza, halafu akauliza neno moja tu, "Na kwetu?" Tukafuta yote. Siku nne zote zikawa za Amani, na usiku mmoja wa mwisho kwa mama mdogo, Tanga mjini. Sijutii hata saa moja. Msitu hauonyeshi chochote kwa mtu anayetazama saa yake, na watoto nao huhitaji siku ya kwanza nzima ili waache kuulizia mtandao.

Kosa la pili lilikuwa gari. Mpaka Muheza, kwa njia ya Chalinze na Segera, hakuna shida, na ukifika pale unapokewa na machungwa na mafenesi yaliyopangwa kando ya barabara. Kutoka Muheza kupanda Amani ni kilomita 30 na kitu, na mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa hazijaisha. Kwenye kilima kimoja gari letu dogo liliteleza kinyumenyume, likakaa kwenye mfereji likainamia upande wa mama. Vijana wa bodaboda waliacha pikipiki zao bila kuitwa, wakatia mawe na makuti chini ya matairi, wakasukuma huku mvua inawanyeshea. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, huku njoo na gari la juu." Tuliliacha gari kwenye uwanja wa mzee mmoja pale kijijini, tukakodi pikapu. Ukienda msimu wa mvua, fanya hivyo tangu Muheza.

Tulifikia Sigi, kwenye lango la hifadhi, mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari. Pale pana nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, iliyojengwa na Wajerumani, kwa kuwa zamani reli ilifika hapo. Ilikuwa tawi dogo kutoka Tengeni, kwenye reli kubwa ya Tanga. Mataluma yalikwisha kung'olewa zamani, lakini mama alikua akimsikia bibi yake anataja "gari la moshi la Wadachi", akidhani ni hadithi za kumlaza. Aliposimama mbele ya ile nyumba aligusa ngazi kwa kiganja. "Kumbe kweli."

Turudi kwenye misizi. Mti huu kwao ni ukanda wa Ziwa Viktoria, Uganda, Kongo na kuendelea mpaka Afrika Magharibi, na huko kwao ni mti wa heshima. Amani uliletwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea pale juu, na bustani yao ikawa mojawapo ya bustani kubwa kabisa za mimea barani Afrika. Walikusanya miti ya kila pembe ya dunia waone ipi itafaa. Mkwinini uliotoka Amerika ya Kusini ulifaa sana: katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za kwao zilipozuiwa, dawa ya kwinini kwa askari wao ilitengenezwa papo hapo Amani. Msizi nao ulikuwemo kwenye ule mkusanyiko. Hukua upesi mno, na matunda yake hupendwa na hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa ambaye humeza tunda, akaruka mbali na kuidondosha mbegu. Msitu ungekuwa umefunga, mbegu ile ingekufa kwa kukosa jua. Lakini kuanzia miaka ya 1960 mpaka katikati ya miaka ya 1980 mashine za mbao ziliingia Usambara Mashariki, zikakata miti mikubwa na kuacha matundu ya mwanga kila mahali. Kwingine msizi ulipandwa makusudi kuziba mapengo, kwingine hondohondo wakafanya kazi yao.

Kijana alifukua ardhi kwa kisigino cha buti. Majani yalikuwa tabaka jembamba tu, chini yake udongo mwekundu uko wazi. "Shikeni hii kichwani," akawaambia wanangu. "Kesho tutafukua kwingine."

Kesho yake tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama alikula bada iliyobaki usiku na chai ya tangawizi, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akasema leo haongozwi na mtu. Tulipanda polepole, kwa mwendo wake yeye. Hili nalo sikulipanga, lakini sasa ningelipanga: mtembeze mzee mbele. Mwanangu mkubwa, ambaye siku ya kwanza alitutangulia mita mia na kuturudia kwa kuchoshwa, safari hii alilazimika kwenda kwa hatua za bibi yake, na hapo ndipo alipoanza kuona vitu.

Hapakuwa na mpaka wala kibao. Palipoa tu. Kelele za wadudu wa msituni zilibadilika zikawa kama zinatoka juu sana, na mwanga ukawa wa saa kumi na mbili jioni ilhali ilikuwa saa tatu asubuhi. Ardhi ikaanza kubonyea chini ya miguu. Mama hakusema kitu. Alivuta pumzi kwa pua, mara mbili, kama mtu anayenusa chungu jikoni, na mabega yake yakashuka. Nikajua tumefika.

Kijana akafukua tena kwa kisigino. Majani mazima, chini yake majani nusu, chini yake nyuzinyuzi nyeusi zenye unyevu, vijizizi vyeupe vimesukana ndani kama ususi, na buti lilizama mpaka kifundoni bado halijaona udongo mwekundu. Watoto walipiga magoti bila kuambiwa.

Alama nyingine alizotufundisha ni hizi, na tangu siku ile huzitafuta kila ninapopita penye miti. Msitu mkongwe una miti ya kila umri mahali pamoja: babu, baba, kijana, na mche wenye majani mawili. Una mizizi iliyosimama nje ya ardhi kama kuta za mbao, kwani mti mrefu kwenye mteremko wenye udongo mwororo lazima ujitegemeze. Una kamba za mimea nene kama paja zilizoanza kupanda kabla hujazaliwa. Zaidi ya yote, una miti iliyokufa. Mimi nilikuwa nadhani gogo lililolala linaozea bure ni uchafu wa msitu. Gogo tulilokaa karibu nalo lilikuwa la mtambara, na upana wake ulinifika kifuani. Binti yangu alibonyeza kidole kwenye ubavu wake, kikaingia mpaka pingili ya pili bila nguvu, na alipokitoa maji yakachuruzika kama umekamua sifongo. Juu ya lile gogo nilihesabu aina tatu za kangaga, uyoga mwekundu mdogo kama vifungo vya shati, jongoo mrefu kama kalamu, na miche minane ya miti ambayo kijana alizitaja jina moja moja. Mtambara mmoja ulianguka pengine mama akiwa msichana, na mpaka leo unalea.

Mtambara wenyewe ulio hai ulikuwa hatua ishirini mbele. Mti huu unaweza kupita mita 50, na kisayansi umepewa jina la Usambara. Kitinda mimba wetu, wa miaka sita, aliuliza una miaka mingapi, nikamgeukia kijana, naye akatueleza kwamba miti mingi ya misitu ya namna hii haina pete za mwaka zinazosomeka wazi kama miti ya nchi za baridi, kwa sababu hapa hakuna majira makali ya kuufanya usimame kukua. Basi mama akafungua kanga yake ya kiunoni. "Miaka siwezi. Unene naweza." Akaanza kupima shina juu kidogo ya mizizi, binti akishika ncha pale bibi anapoanzia, yeye anazunguka. Kanga nne na shubiri mbili. Alipima bila kusita, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi ile, nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Baba yangu alipima kwa kamba," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nashika ncha."

Nilijua babu alikuwa mpasua mbao. Sikujua kitu kingine. Mama si mtu wa kusimulia, na mimi sikuwa mtoto wa kuuliza. Tulipoendelea kama nusu saa hivi, alikata kona kutoka njiani bila kumwambia mtu, akasimama kando ya bonde dogo, refu kuliko pana, limejaa majani makavu na kangaga. Watoto walikuwa wameshapapita. Mimi nilikuwa nimeshapapita. "Hili ni shimo la kupasulia," akasema. Kijana akaitikia kwamba ndiyo, na yako mengine kadhaa upande ule.

Tukakaa ukingoni na mama akasimulia. Gogo lilivingirishwa mpaka juu ya shimo, likalazwa juu ya magogo membamba. Mmoja alisimama juu, mwingine alishuka ndani, msumeno mrefu kati yao. Mstari ulipigwa kwa kamba iliyopakwa unga mweusi wa betri kuukuu: unaivuta, unaiachia, inachapa. Wa juu anauongoza msumeno kwenye mstari, wa chini ndiye mwenye kuvuta, na unga wote wa mbao unamwangukia usoni. Babu alikuwa wa chini. "Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Sisi watoto tulidhani ndiyo rangi ya macho ya baba." Ubao mmoja mrefu ungeweza kuwachukua asubuhi nzima. Kisha ubebwe begani mpaka barabarani.

Mwanangu mkubwa alishuka ndani ya shimo. Kimo chake chote kile, na ukingo ulimfika shingoni. Akatazama juu kwenye majani, akanyoosha mikono kama ameshika mpini, akafanya kama anavuta, mara mbili, tatu. Hakucheka na wala hakuna aliyemcheka.

Nilikuwa nimejenga picha kichwani kwamba msitu mkongwe maana yake ni msitu ambao binadamu hajaugusa. Shimo lile lilinisahihisha. Watu wamekuwamo humu siku zote: wanaotafuta dawa, wanaochimba viazi vikuu vya porini, wanaotambika, wanaopasua mbao. Watu wawili na msumeno wao walitoa mti mmoja, wakahamia mbali, na pengo likajifunga kwa miche iliyokuwa inasubiri chini. Mashine zilitoa miti yote minene kwa pamoja, pengo likawa kubwa kuliko uwezo wa ile miche. Tofauti ni hapo.

Na mama hakuniruhusu nimfanye malaika babu, wala yeye mwenyewe. "Baadaye tulilima iliki," akasema. Iliki hupenda kivuli, hivyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka yote iliyo chini yake. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde unaona msitu, lakini ndani hauna watoto, na wale wazee wakianguka hakuna wa kurithi. "Iliki ndiyo iliyonivalisha sare ya shule. Hatukuwa na kingine." Sikuwa na la kumjibu. Aliyesema wanakijiji waliharibu msitu kwa ujinga hajakaa ukingoni mwa shimo lile akamsikiliza mtoto wa mpasua mbao.

Siku hizi eneo lile ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, hekta 8,380. Ni kipande cha Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga milima hii na kumwaga maji hata nyakati ambazo nyanda za ndani ya bara zilikauka, ndiyo maana misitu hii ilidumu mamilioni ya miaka wakati mingine ilikufa, na viumbe vilivyofungiwa humu vikawa vya peke yake. Haya niliyasoma baadaye. Pale pale niliyaona kwa vitu vidogo.

Binti ndiye aliyeliona ua. Lilikuwa kwenye mwamba wenye unyevu kando ya kijito, majani yana manyoya kama sikio la paka, maua matano ya zambarau yenye vitovu vya njano. Kijana alituambia kwamba ua hili ndilo linalouzwa kwenye vyungu duniani kote, linakaa madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyekuwa akitawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Mama alilitazama akasema walikuwa wanalipita kila siku wakienda kuteka maji. Wanangu hawakuelewa mpaka nilipowaeleza kwamba ua lile linajulikana nyumba hadi nyumba kwenye nchi za mbali, na sisi Watanzania wengi hatujawahi kuliona hata kwenye picha.

Hapo kijitoni ndipo siafu walipotupata. Kitinda mimba alisimama juu ya msafara wao bila kujua, na kabla hajalia walikuwa wameshafika kiunoni. Mama alikuwa wa kwanza kufika, kwa mkongojo wake. Alimvua suruali kwa mkupuo mmoja akaanza kuwang'oa mmoja mmoja, akitupa amri bila kupandisha sauti: wewe shika mikono yake, wewe kung'uta viatu, nyie wengine ondokeni hapo mliposimama. Dakika tano tukawa tumemaliza. Tangu hapo kila mtu akawa anatazama chini kabla ya kusimama, na soksi zikapandishwa juu ya suruali. Nawe zipandishe tangu lango la kuingilia.

Tulipita pia chini ya msambu. Tunda lake ni la kahawia, refu kama fenesi changa, na lilikuwa limeanguka na kupasuka. Ndani mna mbegu zenye mafuta mazito, ambayo zamani yalipikiwa na siku hizi watu huokota mbegu za kuuza. Nusu ya zile mbegu zilikuwa hazipo, na kijana akawaonyesha watoto alama za meno: panya buku. Huzibeba shavuni, huzifukia hapa na pale, nyingine huzisahau, na hizo ndizo huota. Mwanangu mkubwa akakumbuka kwamba ndugu za panya hao hufundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, na akawa na maswali mfululizo mpaka chakula cha jioni. Kitinda mimba alitaka kuchukua mbegu moja nyumbani. Kijana alimchuchumalia wakatazamana uso kwa uso. "Ukichukua hii, panya buku hatakuwa na ya kusahau." Akairudisha mwenyewe.

Usiku wa mwisho kule msituni tulitoka na tochi. Kinyonga hulala juu ya ncha za vijiti, na usiku rangi yake hupauka, hivyo tochi ikimpiga anang'aa kama kipande cha karatasi kati ya majani meusi. Mchana tulikuwa hatujaona hata mmoja. Usiku tulihesabu saba ndani ya saa moja. Mmoja alikuwa dume mwenye pembe mbili puani, mkia ameukunja kama ukuti wa kangaga, miguu imeshika kijiti kwa vidole viwili viwili vilivyokabiliana. Jicho lake lilifunguka, likamgeukia binti yangu peke yake, jingine likabaki limelala. Kwetu kinyonga huogopwa, na mama alikaa nyuma ameshika ushungi mdomoni. Lakini aliposikia kwamba mwaka 2006 wanasayansi walipoliunda kundi jipya la vinyonga wa milima hii walilipa jina Kinyongia, kwa neno letu wenyewe, alisogea hatua moja. "Semeni tena." Kijana akarudia. Mama akamtazama yule dume kwa muda. "Basi alale," akasema, na tukazima tochi.

Tulishuka siku ya nne. Gari tulilikuta limeoshwa na watoto wa yule mzee, na alikataa katakata kupokea kitu. Tulimwachia sukari na sabuni kwa mkewe.

Kwa mama mdogo, Ngamiani, tulifika Magharibi. Kitinda mimba alikimbilia bombani kunawa miguu, na mama akamwambia kwamba anayatazama tena maji yale yale. Mto Zigi, ule wenye kijito cha siafu, hushuka mpaka bwawa la Mabayani na kunywewa na mji wa Tanga. Mtoto akafunga bomba haraka, akalifungua tena kidogo, akaacha maji yapite juu ya vidole vyake, akayatazama.

Nami nilikuwa nimesimama mlangoni pa mama mdogo, mlango ambao nimeupita tangu utoto, nikiingia na kutoka kila likizo. Ni wa mvule, umekuwa mweusi kwa kushikwa. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba bawa lake lote ni ubao mmoja. Hauna kiungo. Upande wa ndani, pale ambapo randa haikupita vizuri, kuna mikwaruzo ya meno ya msumeno, imelala mshazari, mistari myembamba iliyofuatana kwa mamia.

Nilimwita mwanangu mkubwa. Hakuuliza kitu. Aliweka kiganja juu ya ile mikwaruzo, akaanza kuifuata kwa kidole kutoka juu kwenda chini, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa bibi yake.

"Hapa," mama akasema nyuma yetu, akionyesha mahali ambapo mistari ilipinda kidogo kisha ikanyooka, "hapa walikuwa wamechoka."